Mavi ya Chuma na Elimu ya Wahunzi Wetu wa Kale

Katika Ngao ya Taifa letu yamo jembe, shoka na mkuki. Sisi tunaotunga mashairi tumelisifu jembe kwa beti nyingi, na mkono unaolishika tumeusifu pia. Lakini ni nadra kumsikia mshairi akiuliza chuma cha jembe hilo kilitoka wapi kabla meli hazijaanza kutuletea majembe kutoka ng'ambo. Na kama yupo aliyeuliza, hakuuliza habari za kile kilichobaki chini ya tanuri baada ya chuma kuondolewa. Makala haya yanahusu masalio hayo.

Miaka kadhaa iliyopita, tulipokuwa katika shughuli za utamaduni mkoani Rukwa, mwanafunzi mmoja wa sekondari wilayani Nkasi alituletea jiwe jeusi, zito kuliko ukubwa wake. Upande mmoja lilikuwa laini, lenye mikunjo kama uji uliomwagika ukaganda. Upande wa pili lilijaa vitundu. Alitwambia kuwa shuleni wengi walilidhania kuwa jiwe la volkano. Bibi yake, hata hivyo, alikuwa amempa jina jingine, nalo aliona haya kulitamka mbele ya wageni. Tulipomsihi akainamisha kichwa akasema, "Samahani, mzee. Bibi anasema ni mavi ya chuma."

Bibi alikuwa amesema kweli. Tulipelekwa hadi kwenye lundo lenyewe, kimo cha mtu, kando ya kuta za udongo mwekundu zilizobomoka. Tukaandika mahali hapo katika daftari, tukaahidi kurudi na watu wenye ujuzi kutushinda. Tuliporudi baada ya masika mbili, lundo halikuwapo. Mjenzi mmoja wa barabara alikuwa ameona kokoto nzuri ya bure, akaizoa kwa malori na kuimwaga kwenye matope. Hatumlaumu sana, kwa sababu hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba kokoto zile zilikuwa maandishi. Ni wajibu wetu, sisi tuliopewa kazi ya kutunza utamaduni, kueleza jinsi yanavyosomwa.

Kwanza hatuna budi kusahihisha usemi mmoja. Tumezoea kusema kwamba wahenga wetu "waliyeyusha chuma". Walimu tunawasikia wakisema hivyo, na sisi wenyewe tumepata kuandika hivyo. Chuma safi huyeyuka kwenye joto la digrii 1,538 za Sentigredi. Matanuri ya kale ya udongo, yaliyotumia makaa ya miti, kwa kawaida yalifanya kazi kati ya digrii 1,150 na 1,350. Kwa hiyo chuma chao hakikuyeyuka hata kidogo. Kilitoka tanurini kikiwa bonge gumu lenye matundu kama sifongo, kikafuliwa kwa nyundo kingali chekundu. Kilichoyeyuka ni uchafu uliokuwa pamoja nacho, na ustadi wote wa mhunzi ulikuwa katika kuuyeyusha uchafu huo na kuutenga na chuma.

Tueleze jinsi jambo hilo lilivyowezekana. Mbale, yaani mawe yenye madini, ni chuma kilichofungamana na oksijeni, pamoja na mchanga na udongo. Makaa yakiungua kwa hewa ya kadiri hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, na gesi hiyo huinyang'anya mbale oksijeni yake. Kazi hii huanza mapema, tanuri likiwa bado halijapata joto kuu. Lakini chuma kinachozaliwa hivyo kimetawanyika, chembe huku na chembe kule, katikati ya mchanga. Chembe hizo haziwezi kukutana na kushikamana mpaka mchanga uondoke njiani. Na mchanga safi, ambao wanakemia huuita silika, hauyeyuki mpaka upite digrii 1,700. Tanuri la udongo halifiki huko. Basi chuma hakiyeyuki, na mchanga hauyeyuki. Mtu asiyejua angekata tamaa hapo.

Mwanafunzi aliyewahi kumtazama fundi wa redio akitumia lehemu anaweza kuelewa siri yenyewe. Bati lina joto lake la kuyeyukia, na risasi ina lake. Vikichanganywa kwa kadiri, mchanganyiko huyeyuka kwa joto dogo kuliko la kila kimoja peke yake. Ndivyo ilivyo kwa mchanga na oksidi ya chuma. Sehemu ya mbale ambayo bado haijawa chuma hushikana na mchanga, na vyote viwili hulainika na kutiririka kwenye digrii 1,200 hivi. Wataalamu huliita zao hilo fayalaiti. Majivu ya makaa, yenye chokaa na magadi ndani yake, husaidia kulainisha. Udongo wa kuta za tanuri na wa ncha za mabomba ya hewa nao huyeyuka kidogo kidogo na kuongeza mchanga katika chungu hicho. Uchafu ukiisha kuwa majimaji hushuka chini kwa uzito wake, chembe za chuma zikabaki zimekaribiana, zikashikana, zikawa bonge.

Wahunzi hawakuwa na kipimajoto. Walikuwa na rangi ya mwali, mlio wa mivukuto, na jinsi pumzi ilivyopita katika bomba. Mivukuto ikilegea, majimaji hayo huganda mdomoni mwa bomba na kuliziba, na kazi ya siku nyingi huharibika kwa muda mfupi. Mchanga ukizidi, majimaji huwa mazito, yenye mnato, hayashuki. Oksidi ya chuma ikizidi, hutiririka vizuri sana lakini huondoka na mali. Mhunzi alitembea katika njia nyembamba kati ya hasara hizo mbili, na hakuna kitabu kilichomwongoza.

Hapa tunafika kwenye lawama ambayo imetolewa mara nyingi. Ukipima fayalaiti utaona kwamba zaidi ya nusu ya uzito wake ni chuma. Wako waandishi wa zamani kutoka Ulaya walioyatazama malundo yetu wakasema: tazameni jinsi watu hawa walivyotupa chuma kingi kwa ujinga wao. Lawama hiyo inaonekana ya haki mpaka uchunguze njia nyingine iliyokuwapo. Katika matanuri makubwa ya kisasa hutiwa mawe ya chokaa, na chokaa huchukua nafasi ya oksidi ya chuma katika kuulainisha mchanga. Chuma kidogo sana hupotea. Lakini uchafu wa chokaa unataka joto kubwa zaidi, na katika joto hilo chuma hula kaboni kwa wingi mpaka nacho kinayeyuka. Chuma cha namna hiyo, chenye kaboni kiasi cha asilimia 4, humiminwa katika kalibu vizuri, lakini ukikipiga nyundo hupasuka kama chungu. Huwezi kukifua jembe mpaka ukisafishe tena kwa kazi nyingine kubwa. Wachina waliijua njia hiyo kabla ya kuzaliwa Kristo. Ulaya iliifuata zaidi ya miaka elfu moja baadaye, na kabla ya hapo wahunzi wa Ulaya walifanya kazi kama wetu, wakaacha malundo ya mavi ya chuma kama yetu, yenye fayalaiti ile ile. Mhunzi wa Ufipa au wa Buhaya alilipa kwa mbale, ambayo ilikuwa nyingi mlimani, akapata chuma kinachofulika. Sisi tunaona kuwa yalikuwa mapatano mazuri.

Ama kuhusu Buhaya, habari zake zimeandikwa kwa upana zaidi kuliko za mahali pengine nchini. Katika kijiji cha Katuruka, karibu na Maruku mkoani Kagera, palikuwa na mti uliotukuzwa ulioitwa Kaiija, na wazee walisimulia kwamba hapo, katika enzi ya Mfalme Rugomora Mahe, ulijengwa mnara wa chuma wa kufikia mbinguni, ukaanguka. Msomi Mmarekani Peter Schmidt, aliyekuja mwishoni mwa miaka ya 1960, alikuwa na adabu ya kuwasikiliza wazee hao badala ya kuwacheka. Alichimba pale walipomwonyesha, akakuta masalia ya kazi ya chuma ya kale kuliko mfalme huyo kwa zaidi ya miaka elfu moja. Vipo vipimo vinavyoyarudisha nyuma zaidi ya miaka 2,000, na wanaakiolojia wanabishana juu ya vile vya mbali kabisa; lakini kwamba chuma kilifanywa huko karibu miaka 2,000 iliyopita, hilo halina ubishi tena. Tunawaomba walimu waliangalie jambo hili kwa makini: hadithi ya mnara, ambayo mtu mwepesi angeiita ngano, ilishika kumbukumbu ya mahali kwa vizazi visivyohesabika.

Mwaka 1976 wazee wa Kihaya waliokuwa wameiacha kazi hiyo kwa miongo kadhaa waliombwa waifanye tena, Schmidt akiwa pamoja na Donald Avery, mtaalamu wa madini kutoka Chuo Kikuu cha Brown. Walichimba shimo, wakalisiriba kwa udongo wa kichuguu, ambao huvumilia moto. Wakalijaza matete ya kinamasi yaliyobabuliwa. Juu ya shimo wakajenga tanuri, kimo chake mita moja na nusu hivi, na mawe ya kulijengea yalikuwa yapi? Yalikuwa mavi ya chuma ya zamani, yaliyookotwa kutoka malundo ya mababu na kuunganishwa kwa udongo wa kichuguu. Kitu ambacho lugha yetu imekipa jina la kinyesi kilikuwa kwao tofali. Mabomba manane ya udongo yaliingizwa ndani mno, na mivukuto ikaanza kuvukuta.

Tuyatazame yale matete, maana ndiyo yaliyotushangaza kuliko yote tuliposoma habari hizi. Yalipobabuliwa yalikuwa makaa membamba, yaliyosimama kama msitu mdogo ndani ya shimo. Uchafu uliyeyuka ukashuka ukitiririka katikati ya mabua hayo. Chuma kikabaki juu, kimeshikiliwa na matete, na kaboni ya matete ikakipa ugumu wa chuma cha pua. Majimaji yalipopoa yakaganda na alama za mabua zikabaki ndani yake, pamoja na pingili zake. Alama za namna hiyo zimeonekana pia katika mavi ya chuma ya kale sana ya Buhaya, na hata ya Rwanda na Burundi. Tete lililokatwa kinamasini zamani hizo limeoza na kuungua, lakini umbo lake lipo, na mwanafunzi anaweza kuligusa kwa kidole. Hiyo ndiyo maana ya kusema kwamba mawe haya ni maandishi.

Mwaka 1978 Schmidt na Avery walichapisha matokeo yao katika jarida la Science, wakasema walipima joto lililopita digrii 1,800 mbele ya mabomba, na kwamba hewa ilipashwa moto ndani ya mabomba kabla ya kufika kwenye makaa, jambo ambalo Ulaya ilikuja kulifanya katika karne ya 19. Magazeti ya Marekani yakaichukua habari hiyo kwa shangwe. Wataalamu wengine waliipinga: walisema hewa hupita katika bomba upesi mno, haipati nafasi ya kupata moto wa kutosha kuleta tofauti kubwa. Ubishi huo haujaisha hata leo. Tunasikia katika mikutano yetu watu wakirudia dai hilo kana kwamba heshima ya taifa zima inalitegemea. Sisi hatuoni hivyo. Hata tukiliondoa dai la hewa ya moto, bado yapo matete, zipo kuta za mavi ya chuma, na upo ujuzi wa kuufanya uchafu utiririke kwa joto ambalo udongo unaweza kulihimili. Haya hayapingwi na mtu. Mwenye mali ya halali hana haja ya kuikopea nyingine ya kuonyesha wageni.

Wafipa walishika njia nyingine kabisa. Tanuri lao refu, ilungu, lilipata mita tatu kwenda juu, na halikuwa na mivukuto. Lilikuwa na matundu kuzunguka shina lake, yenye mabomba ya udongo, na hewa ilivutwa na moto wenyewe kama inavyovutwa na dohani. Hapakuwa na vijana wa kuvukuta kwa zamu. Palikuwa na subira. Moto uliwaka siku kadhaa kwa mwendo wake. Lakini moto wa namna hiyo hautengi vizuri, na bonge lililotoka lilikuwa bado limechanganyika na uchafu mwingi. Kwa hiyo lilipelekwa kwenye tanuri dogo lenye mivukuto, liitwalo kintengwe, uchafu ukayeyushwa mara ya pili. Mzee Wembah-Rashid wa Makumbusho ya Taifa aliandika habari za kazi hii katika miaka ya 1960, wakati bado walikuwapo walioijua kwa mikono yao. Baadaye Profesa Bertram Mapunda alionyesha kwamba Ufipa haikuwa na malungu hayo peke yake, bali pia matanuri mafupi ya aina iliyopewa jina la katukutu. Na ushahidi alioutumia kuzitenganisha aina hizo ni kuta, vipande vya mabomba, na mavi ya chuma. Lundo lile la Nkasi lililomwagwa barabarani lilikuwa la aina gani? Kuta tuliziona, lakini zilikuwa zimebomoka mno kutupa jibu, na hatukuwa na mjuzi pamoja nasi. Lundo ndilo lililokuwa shahidi aliyesalia.

Kwa Wafipa na Wapangwa tanuri lilikuwa mwanamke, na kazi ilikuwa uzazi. Mhunzi alijitenga na mkewe siku zote za kazi, na dawa ziliwekwa chini ya tanuri kabla ya moto kuwashwa. Wamisionari waliyaona hayo wakayaita ushirikina. Hatutaki kuwafanya wahunzi wetu wawe wanakemia waliovaa ngozi, waliamini walichoamini. Lakini kazi ambayo huharibika pumzi moja ikilegea huhitaji watu wasiotawanyika mawazo, na miiko iliwakusanya mahali pamoja, wakalala pale pale, wakayatazama moto.

Kazi yenyewe ilikufa upesi. Majembe ya Wasumbwa na Warongo yaliyokuwa yakipelekwa Unyamwezi kwa biashara, na majembe yaliyotolewa mahari kila upande wa nchi, yalishindwa na chuma cha bei rahisi kutoka viwanda vya Ulaya. Wahunzi waliendelea kufua, lakini walifua vyuma chakavu vilivyotoka ng'ambo, na mtu hahitaji kujua habari za mchanga na fayalaiti ili kufua springi ya gari. Kilichopotea ni ile nusu ya elimu iliyohusu uchafu.

Na elimu hiyo bado tunaihitaji. Liganga, wilayani Ludewa, katika nchi ya Wapangwa, kuna mlima wa mbale unaokadiriwa kuwa na tani milioni 126. Wananchi wengi huuliza kwa nini chuma hicho hakijawa majembe na nondo siku zote hizi. Sababu ni nyingi, za fedha, umeme na mikataba, nasi si wajuzi wa hizo. Ila sababu moja imo ndani ya jiwe lenyewe. Mbale ya Liganga ina titani. Katika tanuri kubwa la kawaida, titani hushikana na kaboni na naitrojeni, ikawa chembe ambazo haziyeyuki mpaka joto likaribie digrii 3,000. Chembe hizo huufanya uchafu uwe mzito kama ugali, usitoke tanurini. Wachina wa Panzhihua wamepambana na tatizo hilo hilo, na watu wa New Zealand, ambao mchanga wao wa chuma una titani, walilazimika kutengeneza njia yao wenyewe, tofauti na ya tanuri la kawaida. Kwa maneno mengine, chuma cha Liganga hakina kosa. Kazi iliyopo ni kuufanya uchafu wake utiririke.

Mwalimu anayetaka kuanza somo hili hahitaji maabara. Awaulize wazee wa kijiji ni wapi wahunzi walikaa. Mavi ya chuma ni mazito kuliko jiwe la kawaida la ukubwa ule ule, meusi au ya kijivu, na mara nyingi yana mikunjo ya kitu kilichotiririka au alama za makaa na mabua. Sumaku pengine huyavuta kidogo. Yakiwa yamepondwa na barabara au jembe, yaokotwe na kutunzwa shuleni pamoja na maandishi ya mahali yalipookotwa na jina la mzee aliyepaonyesha. Yakiwa bado kwenye lundo lake, karibu na kuta au vipande vya mabomba, yasiguswe. Mwanafunzi achore ramani, apime kwa hatua, asichimbe, na Mkuu wa Shule aiandikie Idara ya Mambo ya Kale, ambayo imepewa ulinzi wa vitu hivyo kwa Sheria ya mwaka 1964. Na barua hiyo ipelekwe kabla ya masika, wakati malori ya kokoto hayajaanza kutafutwa.